Subaru inachelewa kuingia gia? Usikimbilie giaboksi nyingine

Legacy GT ya turbo bado ni ndoto ya vijana wengi mtaani. Sauti ya injini ya boxer ikipita Thika Road, shingo lazima zigeuke. Ila tuambiane ukweli: Legacy za kizazi cha nne ziliundwa kati ya 2003 na 2009. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, hata zile za mwisho ziliingia kufikia 2017. Hilo gari ni mzee, na giaboksi yake ya otomatiki ya gia tano ni mzee pia.

Dalili wenye nazo wanazijua. Unaweka D, gari linafikiria kwanza, kisha linaruka kwa kishindo. Ama unakanyaga mafuta ulipite lori, mshale wa RPM unapanda lakini kasi haiongezeki. Hapo si doo tu iko hatarini. Ni maisha.

Ukifika gereji, jibu huwa moja: "Hii imekufa bro, tutafute ingine Grogan." Jiulize basi: hiyo ya ex-Japan imetoka wapi? Imetoka kwa gari la umri uleule, na hakuna anayejua ilitunzwaje. Kabla hujatoa chapaa, pima kwanza.

Anza na oili. Egesha pahali tambarare injini ikiwa moto na inanguruma. Pitisha gia zote polepole ukikanyaga breki, rudi P, kisha vuta kijiti. Oili nzuri ni nyekundu na inapenya mwanga. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zinalika. Ikiwa ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa hivyo usiliendeshe tena. Ikiwa chini ya alama, tafuta inavujia wapi.

Chunga hapa: Subaru hii ina kijiti kingine cha oili ya difu ya mbele. Fundi mwenye haraka anaweza kufungua nati isiyo yenyewe siku ya sevisi, akamwaga oili ya gia au ya difu akidhani ni ya injini. Halafu anajaza injini kupita kiasi huku giaboksi ikibaki kavu.

Pili, soma taa ya AT OIL TEMP kwenye dashibodi. Ikipepesa mara tu unapowasha injini, kompyuta ya giaboksi imenasa hitilafu. Ikiwaka mkiwa njiani, oili imechemka. Simama pahali salama, uache injini ingurume hadi taa izime.

Tatu, gari lipimwe kwa mashine, na uone kodi kwa macho yako. P0700 pekee haisemi kitu. Inamaanisha tu kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, kwa hivyo mashine iingie huko ndani isome zaidi. P0731 hadi P0735 zinaonyesha gia fulani inateleza. Kodi ya umeme wa solenoidi inaweza kuwa waya, plagi au solenoidi yenyewe, vitu ambavyo hurekebishwa bila kushusha giaboksi. Pima betri na nyaya za ardhi pia, kwani umeme hafifu huvuruga kompyuta.

Mwisho, fungueni sampu. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida ya uzee. Vipande vya chuma vinavyoonekana ni habari mbaya, na hapo ndipo maneno ya kujenga upya au kubadilisha giaboksi yana maana.

Kama sampu ni safi, badilisha oili kwa awamu. Giaboksi hii hubeba karibu lita 10, na ukifungua nati hutoka takriban nusu tu. Mwaga, jaza oili ya aina iliyotajwa na Subaru, endesha kidogo, rudia. Ikiwa bado inasita, valvu bodi na solenoidi zake ndizo zinazofuata kukaguliwa.

Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza oili ni ya rangi gani, kodi zinasemaje na sampu ina nini. Akishindwa kujibu hayo matatu, chukua ufunguo wako uende.