Kabla ya Matangazo ya Ndoa: Kanisa na Ugonjwa wa SS



Vijana wawili wa upande wa Karuba walituletea barua ya kuomba tutangaze ndoa yao. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Kwa kuwa mdogo wa bwana arusi alikufa kwa ugonjwa wa SS, tuliwashauri wapime damu. Majibu yalionyesha kwamba wote wawili ni AS. Hapo tulikosa: karatasi ile tuliisoma mbele ya kamati. Haikupita juma moja, soko zima lilijua. Mzee mmoja alitaka ndoa isifungwe, na watu wakamwita binti "mwenye damu mbaya." Vijana wenyewe wameturuhusu kuandika haya, ili wengine wasiumizwe hivyo.

Tueleze jambo lenyewe. Kila mtu hurithi jeni mbili za hemoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Hemoglobini ndiyo hubeba oksijeni katika damu. Mwenye AA hana shida. Mwenye AS ni mzima, lakini anaweza kumpa mtoto ile S. Mwenye SS amepokea S kwa wazazi wote wawili: chembe zake nyekundu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo drepanositosi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita selimundu. Mtoto huumwa sana mifupa, hupungukiwa damu na hushikwa na maambukizi upesi.

Wazazi wakiwa AS wote, katika kila mimba nafasi ya kupata mtoto wa SS ni 1 kati ya 4. Hii haimaanishi kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza hesabu upya. Tena, mama hawezi kulaumiwa peke yake, kwa sababu S moja imetoka kwa baba.

Wala si ulozi. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba AS humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo sababu S imeenea sana katika nchi zenye malaria nyingi. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe.

Kuna watu waliosomea kazi ya kueleza mambo haya: washauri wa jeni. Chuo cha Sarah Lawrence, Marekani, kilianza kuwafundisha mwaka 1969. Kanuni yao ni kueleza ukweli wote, kutunza siri, na kuwaachia wahusika uamuzi. Miaka ya 1970, baadhi ya majimbo ya Marekani yalilazimisha watu kupima, na watu wa AS wakanyimwa kazi na bima ingawa walikuwa wazima. Kipimo bila ushauri huumiza.

Basi tunaomba makanisa yetu mambo matatu. Tuwafundishe vijana mapema, kabla ya posa, wakati bado ni rahisi kuchagua. Majibu wapewe wahusika peke yao, pamoja na muuguzi anayeweza kueleza. Mchungaji asikie tu wakimwambia wenyewe. Na mtoto wa SS apelekwe kituo cha afya mapema: penisilini, kinga ya malaria, maji ya kutosha, na hidroksiurea inapopatikana, humsaidia kuishi. Matibabu ya kurekebisha jeni yaliruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, lakini kwa mgonjwa mmoja bei yake Marekani inapita dola milioni 2. Watoto wa Masisi na Walikale hawawezi kungojea hayo.

Wazazi wenye watoto wanaosoma udaktari au uuguguzi, waambieni kuna kazi hii ya kushauri. Inahitajika kwetu.

Wale vijana wawili tuliwaomba msamaha. Tukaketi nao upya pamoja na muuguzi, mlango umefungwa. Walichoamua ni siri yao, nasi safari hii tumeitunza.