Faili Linavyoingia Ndani ya Commodore 64

Msomaji wetu mmoja amepakua VICE, emuleta inayoigiza Commodore 64, kompyuta iliyoingia sokoni mwaka 1982. Ameweka programu ya zamani kwenye folda ya kompyuta yake ya leo, lakini mashine haioni kitu. Anauliza kwa nini.

Commodore 64 haijui folda. Inachokijua ni vitu kama flopi iliyomo ndani ya kiendeshi cha 1541, kwa hiyo njia ya kawaida ni kuiingiza programu kwenye flopi kwanza. Na flopi yenyewe siku hizi ni faili moja tu, la aina ya D64. Wapo wanaoliita picha ya diski. Sikubaliani nao, maana hakuna picha humo. Mimi naliita faili-diski. Lina baiti 174,848, yaani sekta 683 za baiti 256, zilizopangwa katika maduara 35.

Utamu wenyewe uko hapa. Orodha ya mafaili hukaa duara la 18, katikati, ili kichwa cha kusomea kisisafiri mbali. Lakini orodha hiyo hutaja sekta ya kwanza tu ya kila faili. Ni kama kumtafuta mtu Mji Mkongwe, Zanzibar: mwenye duka anakwambia nenda kwa muuza kahawa, ukifika uliza, muuza kahawa anakupeleka kwa fundi cherehani, naye fundi anakuonyesha kichochoro kinachofuata. Hakuna hata mmoja aijuaye njia nzima, nawe unafika. Baiti mbili za mwanzo za kila sekta hutaja duara na sekta ya kuendea. 254 zilizobaki ndizo mzigo. Ukielekezwa duara la 0, ambalo halipo, safari imekwisha. Mmoja akielekeza vibaya, waliobaki wote hawapatikani, ingawa wapo majumbani mwao.

Tena wanaofuatana si majirani. Flopi huzunguka mara 300 kwa dakika, na 1541 inapomaliza kuishughulikia sekta moja, ya jirani imekwishapita. Ndiyo maana kwa kawaida hurukwa sekta kumi kumi. Miruko hiyo bado imo ndani ya faili-diski lililohifadhiwa kwenye flashi isiyozunguka kabisa!

Jambo jingine: faili la maandishi likihamishwa kutoka kompyuta ya leo, herufi kubwa zinaweza kuonekana ndogo, kwa sababu Commodore hutumia msimbo wake, PETSCII.

Basi, msomaji, fungua c1541, programu inayokuja pamoja na VICE, utengeneze D64 tupu na kuandika faili lako humo. Unganisha D64 hiyo na kiendeshi namba 8, kisha andika LOAD"$",8 na LIST uone orodha ya mafaili. Kama D64 uliyo nayo ni ya zamani, inakili kwanza kabla hujaandika chochote ndani yake.