Fahamu: Kwa nini X iligoma kufunguka

Mei 2025 mtu wa Buseresere, wilayani Chato, angeweza kudhani mnara wa simu ndio mbovu. Haukuwa mnara. Mtandao wa kijamii wa X ulizuiwa Tanzania nzima, siku ileile akaunti ya Jeshi la Polisi ilipodukuliwa. Baadaye serikali ikataja picha za ngono kuwa sababu. Wengi wakakimbilia VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, ambayo tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inataka isajiliwe.

Mzizi mmoja wa udhibiti huu ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka hata mwanablogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kupata leseni. Hela hiyo si ya mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Chato! Hivyo siasa zikahamia magrupu ya WhatsApp na TikTok, ambako uvumi na habari hupanda bodaboda moja.

Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikakatwa nchi nzima. Aliyezoea kuchungulia bei ya dhahabu kwenye simu alibaki gizani sawa na mfuasi wa chama. Ilianza kurejea Novemba 3, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma.