Madongoporomoka si mbali na Garissa

Mwanafunzi wa Garissa akisoma "Tumbo Lisiloshiba", hadithi fupi ya Said A. Mohamed, huenda akasema: "Haya ni ya jiji, hayanihusu." La hasha! Pale mjini ghorofa zinapanda, na hatua chache tu zipo bulla za vibanda.

Madongoporomoka ni jina linalojieleza: madongo, kisha kuporomoka. Makao ya wanyonge hayana uhakika wa kesho.

Jitu linapoingia mkahawani na kufagia vyakula vyote, tunacheka. Lakini kicheko kina mwiba, maana tumbo lile halikukijia chakula tu. Linaitaka ardhi yenyewe.

Basi ukiulizwa kuhusu mandhari, usitaje mahali ukaachia hapo. Jiulize: nani anaishi hapa, na nani anapamezea mate?