Sindano ya Shina: Namna ya Kuganga Miti ya Avoka kwa Gharama Ndogo



Katika misioni na vijiji vyetu, tangu Lukafu mpaka kando za Lubumbashi, mti wa avoka ni mali ya nyumba. Unalisha watoto wakati akiba ya unga inapopungua, na matunda yake sokoni yanasaidia kulipa masomo. Mti huo unadai miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo ukifa, hasara yake si ya mwaka mmoja. Hapa tunataka kueleza namna moja ya kuuokoa: kutia dawa ndani ya shina lenyewe. Tutasema pia mahali ambapo namna hiyo haifai, kwani dawa inayoingia ndani ya mti wa matunda inaweza kufika kinywani mwa mtu.

I. Ugonjwa wenyewe

Adui mkubwa wa avoka duniani ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Unaletwa na kiumbe kidogo sana kisichoonekana kwa macho, ambacho wataalamu wanakiita Phytophthora cinnamomi. Rands alikieleza mara ya kwanza mwaka 1922, akiwa amekipata katika miti ya mdalasini huko Sumatra; ndipo jina lake lilipotoka. Kinafanana na ukungu, lakini kinapenda maji: mbegu zake zinaogelea katika udongo uliolowa mpaka kwenye mizizi midogo. Kwa sababu hiyo, mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinakifaa sana, zaidi pale maji yanapotuama.

Dalili ni hizi. Majani yanakuwa madogo, yanapauka, yanalegea kama yenye kiu, hata udongo ukiwa na maji. Matawi yanakauka kuanzia nchani. Matunda yanabaki madogo. Chimbua kidogo chini ya majani makavu: mizizi midogo ya mti mzima ni myeupe, ya mti mgonjwa ni myeusi na inavunjika upesi. Usianze kuganga kabla ya kuitazama mizizi, kwani njaa ya udongo na ukame vinaweza kuonyesha majani ya namna ile ile.

II. Kwa nini ndani ya shina?

Mti una njia mbili. Katika mbao, maji yanapanda toka mizizi mpaka majani. Chini ya ganda, chakula kilichotengenezwa na majani kinashuka mpaka mizizi. Dawa nyingi zikiingia zinapanda tu, hazirudi chini. Lakini kuna dawa moja, fosfonati, inayopanda na maji, kisha inashuka pamoja na chakula mpaka kwenye mizizi iliyo hatarini. Kule inamzuia adui, tena inaamsha nguvu ya mti wenyewe ya kujitetea.

Mwaka 1984 Darvas na wenzake wa Afrika ya Kusini walitangaza kwamba ugonjwa huu unaweza kuzuiwa kwa kudunga shina. Walitumia dawa ambayo ndani ya mti inageuka kuwa fosfonati. Huko Queensland, Australia, Pegg, Whiley na wenzao waliendelea na fosfonati yenyewe, iliyo ya bei ndogo zaidi. Faida yake inaonekana wazi: dawa haipeperushwi na upepo, haioshwi na mvua, haihitaji mashine kubwa, na kiasi kinachotumika ni kidogo.

III. Vyombo na kazi

Vyombo vinavyohitajiwa ni keke ya mkono yenye ncha kali ya milimita 4; mabomba mapya ya sindano ya mililita 20, bila sindano zake; vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la kinga; maji ya javeli; glavu na miwani. Mabomba hayo yatiwe alama ya rangi, yasirudi kamwe katika dispensari.

1. Pima upana wa kivuli cha mti, toka ukingo mmoja mpaka mwingine. Kipimo kilichozoewa Australia ni mililita 15 za fosfonati ya asilimia 20 kwa kila metre ya upana. Mti wa metre 6 unapewa mililita 90, yaani mabomba 5 yenye mililita 18 kila moja. Basi litre moja inatosha miti 11 ya namna hiyo. Lakini maandiko ya chupa yako ndiyo sheria: kama nguvu ya dawa ni nyingine, hesabu nayo inabadilika.

2. Toboa matundu kuzunguka shina, kwa nafasi zilizo sawa, yakiinama kidogo kuelekea ndani, kina cha sentimetre 3. Osha ncha ya keke kwa javeli kabla ya kwenda kwenye mti mwingine, usije ukapeleka ugonjwa kwa mkono wako.

3. Tia mdomo wa bomba katika tundu mara moja, ukaze. Funga mpira juu ya kichwa cha kisukumio na masikio ya bomba, ili uendelee kusukuma polepole. Usilazimishe kwa nguvu za mkono: dawa itatoka kando, ao ganda litapasuka.

4. Ngoja mpaka bomba liwe tupu. Mtu mmoja abaki pale, watoto wasikaribie.

Fanya kazi asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, kwani wakati huo mti unakunywa vizuri. Tazama pia majani. Yakiwa mapya na laini, chakula kinakwenda juu na dawa inakifuata. Ngoja yakomae, ndipo chakula kinaposhuka kulisha mizizi. Mti uliokwisha kupoteza majani yote hauvuti tena dawa, hapo tumechelewa. Mti mchanga wenye shina jembamba usitobolewe.

IV. Mambo ya kuangalia

Kwanza, fosfonati si fosfati. Majina yanafanana, lakini fosfati ni mbolea tu, haizuii ugonjwa huu. Tena usitengeneze dawa mwenyewe kwa asidi: isipopunguzwa ukali wake, inaunguza mti na mikono. Uliza kwa waagronomo. INERA ina kituo chake Kipopo, karibu na Lubumbashi.

Pili, kila tundu ni kidonda. Mwanadamu akijeruhiwa, nyama mpya inajaza mahali pa kidonda. Mti haufanyi hivyo. Unakifungia kidonda ndani na kuotesha mbao mpya pembeni, kama Alex Shigo wa Marekani alivyoonyesha katika miaka ya 1970. Mitende haina hata uwezo huo: tundu linabaki siku zote. Watu wa Oman wanajua jambo hili, maana tangu mwaka 1993 wanapigana na fukusi mwekundu wa mitende, na sindano ya shina ni mojawapo ya silaha zao. Basi tusitoboe pasipo sababu.

Tatu, na ndilo kubwa: dawa ya kuua wadudu si sawa na fosfonati. Huko Marekani, tangu mdudu mmoja wa kijani alipogunduliwa Michigan mwaka 2002 akiangamiza miti ya kivuli, watu wanaidunga dawa inayoitwa emamectin benzoate. Lakini hakuna anayekula matunda ya miti ile. Dawa nyingine, imidacloprid, inafika mpaka katika maua na kuua nyuki. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliikataza mashambani mwaka 2018. Bila nyuki na wadudu wengine, maua ya avoka yanazaa kidogo sana. Tena kumbukeni viwavi tunavyookota katika miti ya mwitu ili tule: anayedunga sumu katika mti wa namna hiyo anaweza kuitia katika sahani ya jirani yake bila huyo kujua. Dawa yoyote isiyoandikwa kwa ajili ya mti ule na tunda lile isitumike, na siku za kungoja kabla ya kuchuma zishikwe sawasawa.

V. Sindano peke yake haitoshi

Fosfonati inamzuia adui, haimwondoi katika udongo. Chimba mifereji ili maji yasituame. Funika chini ya mti kwa majani makavu na vipande vya mbao, lakini visiguse shina. Usilete miche toka shamba lenye ugonjwa, na osha jembe na viatu ukitoka huko. Mti uliodungwa na kuachwa katika maji yanayotuama utaugua tena.

Katekista anayejua mambo haya anaweza kusaidia kijiji kizima kwa keke moja na mabomba machache. Lakini aanze na mti mmoja ao miwili, aandike katika daftari tarehe, kipimo na idadi ya matundu, kisha atazame majani na mizizi katika majira yanayofuata. Akiona mizizi myeupe inachipuka, aendelee na mingine.