Kuchagua pawa saplai ya kompyuta ya zamani

Pawa saplai (pia: kigavi cha umeme) ni sehemu ya kompyuta ya mezani inayopokea umeme wa mkondo geu kutoka soketi ya ukutani na kuubadilisha kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wenye volti ndogo. Katika muundo wa ATX, ulioanzishwa na Intel mwaka 1995, volti hizo ni hasa 3.3, 5 na 12.

Kifaa hiki mara nyingi huchoka mapema kuliko ubao mama, kwa kuwa kapasita zake hukauka au kuvimba na feni yake huvuta vumbi muda wote. Kompyuta isiyowaka kwa sababu hiyo huenda ni nzima, pamoja na kumbukumbu zote zilizomo katika diski yake. Lakini kuiwekea pawa saplai isiyofaa kunaweza kuiharibu kabisa.

Wati na mgawanyo wake

Wanunuzi wengi hutazama namba kubwa ya wati na kuishia hapo. Namba hiyo ni jumla tu. Cha kusoma ni jedwali dogo la lebo linaloonyesha ampea za kila volti. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, kama ilivyo katika somo la fizikia.

Kwa kompyuta ya zamani hesabu hiyo ni ya lazima. Mashine nyingi za wakati wa Pentium III na Athlon za kwanza zilichota umeme wa prosesa kwenye laini ya volti 5. Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000, laini ya volti 12 ilianza kubeba mzigo huo, ikaongezwa plagi ndogo ya pini 4. Pawa saplai za leo huweka karibu nguvu zote kwenye volti 12. Tuseme ya zamani ya wati 250 ina ampea 25 kwenye volti 5: hutoa hapo 5 × 25, yaani wati 125. Mpya ya wati 500 yenye ampea 15 tu kwenye laini hiyo hutoa wati 75. Yenye namba kubwa ndiyo itakayoshindwa. Kwa hiyo ni vema kulinganisha lebo mpya na ile ya zamani, mstari kwa mstari.

Plagi na umbo

Plagi kuu ya ATX ilikuwa na pini 20, kisha toleo la mwaka 2003 likaleta pini 24. Plagi nyingi za sasa zina pini 4 zinazobanduka, hivyo huingia katika ubao wa zamani bila shida. Kompyuta za AT, zilizotangulia ATX, zina plagi mbili zinazokaa sambamba, na nyaya nyeusi za zote mbili lazima zikutane katikati. Zikigeuzwa, ubao huungua.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwisho wa miaka ya 1990 zina plagi inayofanana kabisa na ya ATX, ila mpangilio wa nyaya zake ni tofauti. Kuingia kwa plagi si uthibitisho kwamba inafaa. Kwa ukubwa, pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Makasha membamba ya ofisini huhitaji aina yake maalumu.

Swichi ya volti

Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Mtumba uliotoka Marekani huenda ukafika umewekwa 115. Ukichomekwa hivyo katika umeme wa Tanzania au Kenya, pawa saplai hupasuka kwa kishindo, kwa hiyo swichi hutazamwa kabla ya waya kuchomekwa.

Kasha la pawa saplai halifunguliwi na asiye fundi. Kapasita zake kubwa hufikia zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hatari hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.