Nyumba za Zamani za Korogwe na Wenyewe

Je, msomaji mpendwa, umepata kujiuliza ni nani aliyekaa mahali unapokaa wewe leo, kabla ya babu yako hajazaliwa? Watu wa Ulaya hupenda sana kuandika habari za nyumba zao za kale: nani alijenga, nani alinunua, nani alikufa humo. Sisi huona hatuna cha kuandika, kwa sababu nyumba ya miti na udongo haidumu miaka mia. Lakini nyumba ikianguka, habari zake hazianguki pamoja nayo, mradi yuko mtu wa kuzisimulia. Twende basi Korogwe tukaone.

Tuanze mtoni. Korogwe ya kwanza haikuwa pale penye stesheni. Ilikuwa kisiwani, katikati ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Na haikuwa peke yake. Maurui nayo ilikaa vivyo hivyo, maji pande zote. Usifikiri watu wale walipenda kukaa karibu na mamba na viboko. Miaka ile ilikuwa ya vita na ya kuuza watu. Mzee alipolala usiku aliogopa kwamba asubuhi atakuta watoto wake wamefungwa kamba, wanapelekwa Pangani. Mto ulikuwa boma lake, nao haukumdai mshahara. Wengine wa Uzigua walijificha katika vichaka vizito, wakazungusha kijiji ua wa miti, na mlango mmoja mwembamba.

Sasa inua macho utazame milima ya Usambara. Huko juu ya Mombo ndiko kuliko Vuga, mji wa wafalme wa Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai alitawala huko mpaka alipokufa mwaka 1862. (Jina lenyewe, kama unavyosikia, limebeba neno la nyumba.) Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848, tena mwaka 1852. Mwaka 1857 akaja Mwingereza Burton, aliyehesabu nyumba mia tano hivi na watu elfu tatu. Zote zilikuwa za msonge, za mviringo, nyasi zimeshuka karibu mpaka chini. Hapakuwa na jumba la mawe, wala mfalme hakulihitaji. Heshima ya mji haikuwa katika ukuta, ilikuwa katika miiko: mgeni hakuingia Vuga hivi hivi.

Nyumba ya msonge ina akili yake, wala isidharauliwe. Moto huwaka katikati, moshi hupanda na kukausha mahindi darini, wadudu hufa, na baridi ya mlimani haipati pa kuingilia. Shida yake ni moja, cheche. Vuga iliteketea katika vita vya wana na wajukuu wa Kimweri, ikajengwa tena, ikateketea tena mwaka 1898. Baada ya hapo haikurudia ukubwa wake.

Lakini aliyeshinda vita vile ni nani? Ni Semboja, mwana wa Kimweri. Alimfukuza mjukuu aliyerithi kiti, na hapa ndipo pa kushangaza: hakupanda kwenda kukaa Vuga! Alimweka mwanawe huko juu, naye mwenyewe akabaki Mazinde, chini, katika njia ya misafara ya pwani. Alijua kwamba bunduki, baruti na nguo hupita bondeni. Basi nyumba ya mfalme ilikuwa mlimani, na nguvu ya ufalme ilikuwa kando ya barabara. Katika mambo yote ya nyumba za nchi hii, mimi naona hili ndilo linalofundisha kuliko yote. Biashara ile ilikuwa ya pembe, tena ya wanadamu, na Wasambaa wengi waliuzwa na wakubwa wao wenyewe. Semboja alikufa mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuishika nchi.

Mwaka 1902 reli yao kutoka Tanga ikafika Korogwe, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Watu wakahama visiwani, kwa maana sababu ya kukaa huko imekwisha. Mji mpya ukaota penye reli, na nyumba zikabadilika sura: za pembe nne, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma. Ndiyo nyumba ya watu wa pwani, ambayo leo wengi wetu twaiita yetu.

Pamoja na reli ukaja mkonge. Mjerumani mwenye shamba alijenga kilimani penye upepo, nyumba ya veranda pana na paa la bati. Mwaka 1916 Waingereza wakaitwaa Korogwe, na baada ya vita mashamba ya Wajerumani yakauzwa kwa mnada; Wagiriki, Wahindi na Waingereza wakahamia katika nyumba zile zile, pengine na meza zile zile.

Na manamba je? Walitoka mbali: Ubena, Unyamwezi, Rwanda, Burundi, Msumbiji. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba, SILABU, kiliwaandika na kuwaleta. Makazi yao yalikuwa kambi, jengo refu lililogawanywa vyumba kama mabehewa, mtu na wenzake ndani ya chumba kimoja, na kipande cha siku thelathini mfukoni. Majina ya mabwana wa kilimani yaliandikwa katika hati za ardhi. Ya manamba yaliandikwa katika vipande, na vipande vilitupwa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge tani 230,000 hivi. Kisha kamba za nailoni zikauangusha, na mwaka 1967 Serikali ikatwaa mashamba mengi. Kambi nyingi zikabomoka. Wengine wa manamba walirudi kwao, wengine walikwisha kuoa hapa, wakaomba kiwanja kwa wenyeji, wakasimamisha nyumba kwa mashina marefu ya maua ya mkonge na kuyafunga kwa kamba ya mkonge ule ule walioukata.